Shati Jekundu, Makwapa ya Bluu

Ruphin Kalenga hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini daftari lake la vipimo lilikuwa na mengi ya kusema. Lilikuwa daftari gumu la jalada jeusi, la tatu tangu afungue duka lake la ushonaji kwenye Mtaa wa Jules, Malvern. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, mabega, kiuno, urefu wa mkono. Aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizonyooka, na mteja aliponenepa hakufuta kitu. Alipiga mstari mwembamba juu ya namba ya zamani, akaandika mpya pembeni pamoja na tarehe. Ukurasa wa mchungaji ulikuwa na mistari sita. Mtu mmoja tu hakuwa na ukurasa, naye ni fundi mwenyewe.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, simu yake ililia wakati akijaza uzi kwenye bobini. Ulikuwa ujumbe wa Maryanne, katibu mpya wa klabu ya Nyigu wa Troyeville, ambayo nguo zake zote hushonwa hapo.

"Habari ya asubuhi, Fundi. Tunaomba shati moja la bluu kabla ya Jumamosi. Namba 17. Kifua 94, mabega 46, mkono wa kulia 64, mkono wa kushoto 66. Asante."

Ruphin alisoma, akaiweka simu mezani, akamaliza bobini yake, kisha akaichukua tena. Akasoma mara ya pili akiwa amesimama.

Namba kumi na saba ya Nyigu ilikuwa yake. Na kifua chake hakikuwa sentimita tisini na nne tangu enzi za ujana wake Lubumbashi.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi turudi nyuma kidogo. Nyigu ni timu ya besiboli, mchezo ambao Wakongo wengi wa Johannesburg huupita kando ya uwanja bila kugeuza shingo. Mtu mmoja husimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kurusha mpira mgumu, mwingine husimama na rungu akijaribu kuupiga, na anayeupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo ili apate pointi. Akiukosa mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, ametolewa, na watatu wakitolewa zamu ya timu yake imekwisha. Mchezo una awamu tisa. Mrushaji anapochoka, au anapoanza kupigwa ovyo, kocha hupunga mkono kuelekea benchi, na mrushaji wa akiba huingia kuzima moto ambao hakuuwasha yeye.

Ruphin alifika Johannesburg akiwa na miaka ishirini na sita, mkasi wake ukiwa umefungwa ndani ya taulo. Cherehani hakuwa nayo, basi akaanza na kazi ya ulinzi, zamu ya mchana, kwenye geti la uwanja wa Nyigu. Mipira iliruka uzio ikaangukia barabarani, naye akawa anairudisha. Aliirusha kwa mkono wa kushoto, kutoka getini hadi kwa mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na kila mara mpira uliingia kwenye glovu ya mdakaji bila yeye kuinua goti.

Siku ya nne mchezaji mmoja Mkenya, Owuor, alimfuata pale getini.

"Wewe, bwana askari, hii kitu umejifunzia wapi?"

"Kujifunza nini, mkubwa? Mimi narudisha mali yenu."

"Basi hebu irudishe tena. Polepole, nione."

Mbali na kuirusha, aliishona. Mpira wa besiboli umeshikiliwa na mishono mia na nane ya uzi mwekundu, na iliyochanika klabu ilikuwa ikiitupa. Ruphin aliiokota, akaifumua, akaishona upya kwa uzi uliopakwa nta akiwa amekaa kwenye kiti chake cha ulinzi. Ndivyo alivyojua mpira kwa ndani. Alijua kwamba vidole viwili vikikaa juu ya mshono, mpira unazama, na vikikaa kando yake, unakata kona. Waliopiga rungu kwa nguvu hawakuelewa wanadanganywa na fundi cherehani.

Miaka kumi na minne ikapita. Geti aliliacha, duka likafunguliwa, mkewe Brigitte akafungua saluni yake upande wa pili wa pazia, binti yao Héritière akazaliwa na kuanza kuwajibu kwa Kiingereza. Ruphin alibaki benchini mwa Nyigu kila Jumapili alasiri akingoja mkono upungwe. Hakuwahi kuomba kupewa mpira. Aliitwa, akaingia, akamaliza, akaenda nyumbani. Na katika miaka yote hiyo Nyigu hawakuwahi kufika fainali. Sasa alikuwa na miaka arobaini, na bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kutoa sauti.

Tukirudi kwenye Jumatano ile, kilichomshtua Ruphin zaidi ilikuwa mikono, si kifua. Wachezaji wote hupimwa mkono mmoja. Mrushaji peke yake hupimwa yote miwili, kwa sababu mkono wa kurusha hushuka na kurefuka kadiri miaka inavyokwenda. Sheria hiyo aliwafundisha Nyigu yeye mwenyewe. Basi huyu wa kifua tisini na nne alikuwa mrushaji, wa mkono wa kushoto, kijana, mrefu, mwembamba, na alikuwa anashonewa namba ya Ruphin. Maryanne alimjua Fundi wa Malvern aliyeko kwenye simu, na alimjua R. Kalenga aliyeko kwenye orodha ya wachezaji. Hakuna aliyemwambia kuwa ni mtu mmoja.

"Mama Héritière," aliita.

Pazia lilisogea. Brigitte alitoa kichwa, chanuo mkononi na sindano ya kushonea nywele, ile iliyopinda kama ndoana, ikiwa imechomekwa kwenye kola ya gauni lake.

"Soma hapa."

Brigitte alisoma. Akasoma tena kwa sauti.

"Wamekutupa!"

"Bado sijui."

"Mtu akipimiwa nguo yako wewe ungali hai, unangoja nini tena ndipo ujue? Mpigie Owuor, si ndiye mwenyekiti wenu?"

"Akitaka kuniambia ataniambia."

"Eh, Papa Héritière! Wewe utangoja hata ufufuo upungiwe mkono."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa, alicheka nyuma ya pazia. Ruphin alichukua kitambaa cha bluu, akakitandaza mezani, akaanza kukata. Kazi ni kazi.

*

Alhamisi mchana kijana mmoja aliingia dukani akiinamisha kichwa chini ya mlango, begi la plastiki mkononi. Ruphin alimtazama mara moja tu, na kabla hajafungua mdomo alishajua: tisini na nne, arobaini na sita, sitini na nne, sitini na sita.

"Papa fundi, bonjour. Naitwa Exaucé. Mwenyekiti wa Nyigu amesema nije kujaribu shati."

Ruphin alikuwa na pini tano mdomoni. Alitikisa kichwa, akamvisha shati lililoshikizwa kwa nyuzi za muda, akaanza kuchomeka pini mgongoni.

"Unatoka timu gani?" aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Wachimbaji wa La Rochelle, Papa. Lakini wamenibadilisha."

"Wamekubadilisha na nini?" Sauti ya Brigitte ilitoka nyuma ya pazia.

Exaucé alicheka. "Na mzee mmoja, Mama. Wa kumalizia mechi. Wachimbaji wana fainali Jumapili na mrushaji wao wa akiba kabanwa kidole na mlango wa gari. Sasa wanataka mtu asiyetetemeka. Nyigu wao wananitaka mimi kwa sababu ya kesho. Ndivyo walivyosema: kesho ni yako. Mimi nikasema sawa, sharp tu."

Pini moja ilidondoka kutoka mdomoni mwa Ruphin ikalia kwenye sakafu.

"Na huyo mzee anajua?" aliuliza Brigitte. Safari hii kichwa chake chote kilikuwa nje ya pazia.

"Nani ajue! Wanasema haongei kabisa. Bega lake akirusha linalia kama mlango wa kanisa. Lakini kocha Gaston anasema akiingia yeye, mechi inalala usingizi." Alikuwa akizungusha macho dukani anapoongea, na macho yakasimama ukutani, kwenye shati la bluu lililopauka kwa jua. "Hii kumi na saba ni ya nani, Papa?"

Nje, lori la bia lilipita.

"Ni ya mzee mmoja," alisema Ruphin.

Exaucé aligeuka, akatazama mkono wa kushoto wa fundi ulivyoning'inia chini kuliko wa kulia.

"Eish," alisema. "Papa, lile neno la bega... mimi sijasema."

"Umesema. Inua mkono."

Kijana aliinua mkono. Ruphin aliacha nafasi ya vidole viwili kwapani, akachomeka pini. Uso wake ulikuwa umetulia kama siku zote, lakini Brigitte, aliyemjua, aliona masikio ya mumewe yamekuwa mekundu, na yeye mwenyewe, aliyekuwa na hasira tangu jana asubuhi na hakulala vizuri akipanga atakachomwambia Owuor, alijikuta akibana kicheko kwa chanuo.

Fainali! Ruphin hakuwa ametupwa. Alikuwa ametakwa.

"Wewe umeshatia saini?" aliuliza Ruphin.

"Jumanne, Papa. Imebaki ya huyo... imebaki yako. Karatasi anazo mwenyekiti. Kesho saa kumi jioni ligi inafunga, na isipofika hapo kila mtu anabaki alipo."

Alipoondoka aliacha begi lake la plastiki mezani. Ndani mlikuwa na shati lake jekundu la Wachimbaji, nalo pia lilikuwa namba kumi na saba.

*

Ijumaa Ruphin hakushona kitu cha maana. Aliketi nyuma ya cherehani akitazama barabara. Saa sita hakuna mtu. Saa saba hakuna. Saa nane na robo alimwona Owuor ng'ambo ya Mtaa wa Jules, suti ya benki, bahasha ya kahawia kwapani. Siku hizi alikuwa mwenyekiti wa Nyigu, tumbo limemtangulia. Alifika kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawa ya kijani, hakuvuka. Ikawa nyekundu, kisha kijani tena, bado hakuvuka. Akaenda hadi kwenye duka la matairi, akarudi.

"Anatembeza bahasha kama mbwa," alisema Brigitte kutoka pazia lake.

Saa tisa kasorobo Owuor aliingia.

"Fundi! Sasa?"

"Salama, Mwenyekiti. Karibu."

"Nimekuletea..." Owuor alitazama bahasha, akatazama cherehani, akatazama suruali yake mwenyewe. "Unaona hii suruali? Imekuwa ndefu."

Suruali ilimkaa sawasawa. Ruphin alikuwa ameishona mwenyewe. Hata hivyo alipiga magoti na futi yake, akapima pindo.

"Sabini na nane. Ni ileile ya mwaka jana."

"Ah. Basi ni viatu." Owuor aliketi, akajifuta jasho. "Mama Héritière hajambo? Mtoto?"

"Wote hawajambo."

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika kumi. Ruphin alijua kilichomkaba mwenzake. Huyu ndiye aliyemtoa getini. Angewezaje kumwambia rafiki wa miaka kumi na minne kwamba amembadilisha na mtoto wa miaka kumi na tisa? Angekaa hapo akiuliza habari za ukoo mzima mpaka saa kumi ipite, kisha angerudi nyumbani amefarijika na kuumia kwa pamoja. Na Ruphin, kwa mazoea yake, angengoja. Ndivyo alivyokuwa amefanya maisha yake yote: mkono upungwe ndipo ainuke. Lakini mkono wa Owuor ulikuwa umeshikilia bahasha kana kwamba imegandishwa kwa gundi.

Saa ikagonga tisa na nusu. Nyuma ya pazia mashine ya kukaushia nywele ilizimwa. Brigitte alikuwa anasikiliza.

Ruphin alisimama.

"Bwana Owuor, nataka kurusha fainali."

Owuor aliinuka kitini.

"Leta kalamu," alisema Ruphin. "Niko na dakika thelathini. Ukiendelea na habari za viatu, tutachelewa."

"Kwani umejua?"

"Maryanne ameniagiza nimshonee mtu namba yangu."

"Wacha!" Owuor alijishika kichwa. "Ati Maryanne... Fundi, ndugu yangu, wallahi sikulala siku tatu. Nilidhani utasema nimekuuza kama gunia la makaa."

"Gunia la makaa haliitwi fainali. Karatasi iko wapi?"

Alitia saini mara tatu kwa herufi zake ndogo. Owuor alipiga picha kwa simu, picha ya kwanza ikatoka kidole, ya pili ikatoka sawa, akaituma. Walikaa wote watatu, maana Brigitte alishatoka nyuma ya pazia, wakitazama kioo cha simu. Saa tisa na dakika hamsini na mbili jibu la ligi likaingia: imepokelewa. Brigitte alipiga kigelegele hadi mwenye duka la matairi akatoka nje kuangalia. Owuor aliondoka akivuka barabara taa ikiwa nyekundu.

*

Sasa kukawa na suala la shati. Kocha Gaston wa Wachimbaji alipiga simu kusema hakuna muda wa kuagiza jipya. Karatasi ya mechi imeandikwa Kalenga, namba 17, kwa hiyo avae la Exaucé. Brigitte alichukua futi, na kwa mara ya kwanza fundi akapimwa. Alimzungushia kifuani, akasoma, akacheka, akaandika kwa mkono wake kwenye ukurasa mtupu wa daftari: mia na kumi na mbili.

Zilipungua sentimita kumi na nane. Ruphin alifumua shati pande zote mbili, kutoka kiunoni hadi kwapani. Ilibidi aongeze kipande kila upande. Maduka ya vitambaa yalikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni pake na yalikuwa na nyekundu za kila aina. Lakini Ruphin alinyanyua macho ukutani, kwenye lile shati la bluu lililopauka. Alilishusha. Akalikata.

"Papa Héritière, unafanya nini?"

"Kipande cha kwapani."

"Cha bluu? Kwenye nyekundu?"

"Miaka kumi na minne, Mama. Niache niende nayo kidogo. Kwapani nani ataona?"

Hilo ni kosa ambalo angelifanya fundi cherehani peke yake. Kwapani ndipo mafundi wote huficha makosa yao: kitambaa kilichopungua, mshono uliopinda, kiraka. Mteja anasimama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, anasema vizuri, anaondoka. Ruphin alikuwa ameficha vitu kwapani kwa miaka zaidi ya ishirini. Hakufikiri hata dakika moja kwamba mrushaji kazi yake ni kuinua mkono.

*

Jumapili alasiri mawingu yalikuwa yamejazana upande wa kusini, meusi chini, meupe juu, na ngurumo ya kwanza ilikuwa imeshasikika. Brigitte alikuja moja kwa moja kutoka ibadani akiwa na gauni la kanisa na kilemba chekundu, akakaa nyuma ya uzio. Kando yake alikaa Owuor, na kando ya Owuor Exaucé, amevaa shati jipya la bluu ambalo lilimkaa kama ngozi.

Wachimbaji walicheza na Korongo wa Benoni. Ilikuwa mechi ya kukaba roho. Mbili kwa mbili, tatu kwa mbili, nne kwa nne. Katika awamu ya nane Wachimbaji wakapata ya tano. Ilipofika ya tisa, Korongo wakiwa na zamu yao ya mwisho ya kupiga, mtu wao mmoja akatolewa, mmoja akafika kituo cha tatu, mwingine kituo cha pili. Pigo moja zuri na wote wawili wanaingia, na kombe linakwenda Benoni.

Kocha Gaston, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita kondoo, aliingia uwanjani polepole. Akageukia benchi. Akapunga mkono.

Ruphin aliinuka. Alitembea hadi kwenye kichuguu, akachukua mpira, akautafuta mshono kwa vidole.

"Unahitaji kutoa watu wawili tu, mzee," alisema Gaston. "Walaze."

Mpira wa kwanza ulizama mbele ya goti la mpigaji, rungu likapita juu yake. Uwanja ulilipuka. Na hapohapo kocha wa Korongo akaruka nje ya benchi lake, mikono hewani.

"Mwamuzi! Mwamuzi! Hiyo bluu ni nini? Anainua mkono bluu inawaka, mpigaji wangu anaona nini, mpira au bendera?"

Mwamuzi, mzee mwembamba aliyetembea kama mwenye kuhesabu hatua, alimfuata Ruphin. "Inua mkono." Ruphin aliinua. "Na mwingine." Pande zote mbili, bluu kabisa.

"Shati la rangi moja," alisema mwamuzi. "Badili."

"Sina jingine la namba kumi na saba," alisema Ruphin.

"Namba iliyoandikwa ni kumi na saba. Rekebisha au ondoka." Alitazama mawingu, akatazama saa yake. "Dakika tano. Mvua haitangoja."

Gaston alishika kiuno. Hakuwa na mrushaji mwingine. Kwenye benchi la Korongo walianza kucheka, mmoja akapiga mluzi. Ruphin alisimama na mpira mkononi na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi baridi. Fainali yake ilikuwa imedumu mpira mmoja. Na aliyemtoa alikuwa mkasi wake mwenyewe.

Kisha akafanya kwa mara ya pili wiki hiyo jambo ambalo hakulizoea. Akaita, kwa sauti iliyovuka uwanja mzima:

"Mama Héritière! Njoo na sindano!"

Brigitte alikuwa ameshavua viatu. Exaucé alimkutanishia mikono akapanda, akavuka uzio na gauni la kanisa, akaanza kukimbia huku akifungua kilemba. Wanawake wa kanisa waliosalia nyuma walipiga kelele kana kwamba yeye ndiye anayekimbilia kituo. Alifika akihema, akakipasua kilemba vipande viwili kwa meno.

"Kwapani nani ataona, eh?" alisema. "Kwapani nani ataona!"

"Shona, Mama."

"Nashona! Simama wima!"

Alichomoa kolani sindano yake iliyopinda na uzi mweusi wa nywele, akaanza upande wa kushoto, akifunika bluu kwa nyekundu, kwa mishono mirefu ya haraka aliyoitumia kwenye vichwa vya wateja wake. Ruphin, ambaye kila kitu alikifanya kwa kushoto, alipokea kwa mkewe sindano ya pili akashona mwenyewe chini ya kwapa lake la kulia, mdomo umeuma uzi.

"Dakika mbili zimekwisha!" alipaza Owuor kutoka kwenye uzio. Alikuwa ameinua saa yake kana kwamba inaweza kuwasaidia. "Fundi! Tatu!"

"Mwambie anyamaze," alisema Brigitte. "Ananipotezea mishono."

"Anafanya kazi yake."

"Nne!" Owuor alipiga yowe. Tone la kwanza la mvua liliangukia juu ya mpira.

"Tayari," alisema Ruphin.

"Na mimi tayari. Usiniaibishe na kilemba changu."

Mwamuzi alitazama kwapa la kulia, akatazama la kushoto, akavuta kidogo kitambaa. Kilishika. Alirudi nyuma ya mdakaji bila neno.

Ruphin alivuta pumzi, akainua mkono. Hapo kitu kikamchoma ubavuni, kikali kama nyuki. Brigitte alikuwa amekata uzi na kuisahau sindano ndani ya shati.

Angesema? Aliwatazama: mwamuzi, mawingu, kocha wa Korongo aliyekuwa tayari kuruka tena. Akisema, mchezo unasimama, na hakuna dakika tano nyingine. Basi akanyamaza, maana hilo alilijua vizuri. Ili isimchome, aliutoa mkono kwa upande badala ya kuuinua juu, kiwiko mbali na mbavu. Hakuwa amewahi kurusha hivyo. Mpira ulitoka mahali ambapo mpigaji hakuutarajia, ukakata kona, na rungu likapiga hewa. Aliurusha tena hivyohivyo. Rungu likapiga hewa tena.

Straiki tatu. Mmoja amelala.

"Mzee!" Exaucé alikuwa juu ya uzio. "Umejifunza lini hiyo?"

Mpigaji wa pili alikuwa pande la mtu, rungu mkononi mwake kama kijiti. Mpira wa kwanza aliuacha. Wa pili aliukosa. Wa tatu aliugonga, ukatoka nje ya mstari kwa unene wa kidole. Mvua ilianza kudondoka kwa matone makubwa. Ruphin alifuta mpira kwenye paja, akautafuta mshono, akaweka vidole viwili juu yake. Sindano ilimchoma. Akarusha.

Rungu liligusa tumbo la chini la mpira. Ukapaa. Ulipanda moja kwa moja juu, juu zaidi ya nguzo za taa, ukawa doa jeupe kwenye wingu jeusi, na wale wakimbiaji wawili wa Korongo walikuwa wameshaondoka, na mdakaji alitupa kinyago chake, akaenda mbele, akarudi nyuma, glovu wazi, mvua machoni. Ruphin hakuweza kufanya kitu chochote zaidi ya kutazama juu.

Mpira ulishuka ukaingia kwenye glovu, na mdakaji akaanguka nao mgongoni, akiwa bado ameushikilia.

Yaliyofuata Ruphin hakuyakumbuka kwa mpangilio. Gaston alimwinua juu. Watu wenye shati jekundu walimrukia, na kati yao mmoja mrefu wa bluu aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Owuor alikuwa analia waziwazi, suti imelowa, akimwambia kila aliyepita, "Huyu ni wangu! Mimi ndiye niliyemtoa!" Kila aliyemkumbatia Ruphin alimfanya apige ukelele mfupi, nao walidhani ni furaha.

Brigitte alifika wa mwisho, viatu mkononi, nywele zake zikimiminika maji. Alimtazama mumewe kuanzia juu hadi chini, akamshika mabega kama mteja.

"Papa Héritière," alisema, "sindano yangu iko wapi?"